Mashine Iliyokata Mikanda Katoyi

Kabla sijamjua mume wangu kwa jina, nilimjua kwa namna alivyoshika mkanda uliokatika. Mafundi wengine mkanda ukikatika hutukana, huutupa pembeni na kutafuta mwingine. Édouard aliuokota kwa mikono miwili, akatoka nao mlangoni penye mwanga, akaupitisha taratibu kati ya vidole vyake kutoka ncha moja hadi nyingine, kama mama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Sisi wanawake tuliokuwa kwenye mstari na mabeseni yetu ya mahindi tulibaki tukimtazama. Hakuna aliyemwuliza kazi ingechukua muda gani.

Ilikuwa mwaka 2002, miezi michache baada ya mlima kumwaga moto wake juu ya Goma. Habari za miaka ile ambazo watu hupenda kusimulia ni za mlima na za wenye bunduki. Mimi nitamsimulia fundi wa mashine ya kusaga.

Jina lake kamili lilikuwa Édouard Nsanzimana. Alizaliwa Kalengera, kijiji kilicho kwenye barabara kubwa ya kwenda Rutshuru, ambako mama yake, Mukakalisa, alilima maharagwe mpaka uzeeni. Baba yake alifariki mapema. Kazi ya mashine alijifunza katika mji wa Kiwanja, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akisaga mahindi ya soko zima. Vita vya mwaka 1996 vilipomkuta huko, alishuka Goma kwa miguu akiwa na shati alilovaa na spana mbili mfukoni. Muzee Rémy alimpa kazi kwa sababu ya zile spana. Alipenda kusema kwamba mtu anayekimbia vita na spana hawezi kuwa mvivu.

Huyu Muzee Rémy alikuwa mtu wa kwetu, Butembo. Alikuja Goma zamani kuuza vitunguu, akaendelea mpaka akapata mashine ya kusaga katikati ya mji. Alikuwa mkali, mwenye sauti kubwa, na Jumapili aliimba misa kwa nguvu kuliko kwaya. Édouard alimfanyia kazi miaka mitano bila ugomvi.

Januari ile, siku ya Alhamisi, mchana, watu walianza kuteremka kutoka upande wa Munigi na magodoro kichwani. Walisema mlima umepasuka na moto unashuka. Wengine waliwacheka. Jua lilipoanza kuinama hakuna aliyecheka tena, kwa maana moshi ulikuwa umefunika upande wote wa kaskazini na harufu yake ilikwaruza koo. Muzee Rémy alimpakia mkewe na watoto kwenye gari la jirani wakaelekea mpakani. Yeye alirudi kwenye mashine, akamkuta Édouard amepiga magoti, anafungua nati za mota ya umeme.

Muzee alimwambia aache, akimbie, chuma ni chuma. Édouard aliendelea kufungua. Alisema mashine yenyewe haibebeki, lakini mota inabebeka, na bila mota hakuna atakayesaga kitu watu watakaporudi. Walikuwa wawili tu. Waliiinua wakaiweka kwenye chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, wakaifunga kwa kamba ya mbuzi. Muzee alikwenda mpakani kuitafuta familia yake. Édouard alishika njia ya magharibi, akisukuma mota ya mtu mwingine mpaka Sake, karibu kilomita thelathini, katikati ya mbuzi, masufuria na watoto waliopotezana na mama zao.

Chumba alichopanga kilikuwa umbali wa dakika kumi kutoka pale kwenye mashine. Hakupita kwake. Vyeti vyake vya shule, koti lake la kanisani na picha pekee aliyokuwa nayo ya baba yake viliungua vyote. Mambo haya hakunisimulia yeye, niliyasikia kwa Muzee mwaka uliofuata. Nilipomwuliza Édouard kwa nini hakupita nyumbani, alifikiri kidogo, akasema chukudu likiwa na mzigo ule ukilisimamisha kwenye mlima halianzi tena.

Mashine ya zamani ilibaki chini ya mawe meusi ya mlima, na mpaka leo iko huko, kuna duka la simu juu yake. Mwezi wa tatu Muzee Rémy alipata mashine nyingine ya kizamani na kiwanja kidogo katika mtaa wa Katoyi, upande ambao moto haukufika. Umeme ulikuwa umeanza kurudi mtaa kwa mtaa. Waliezeka kibanda cha mabati, wakamwaga misingi miwili ya zege, mmoja wa mashine na mwingine wa mota. Simenti ilikuwa shida wakati ule, kila mtu alikuwa anajenga, kwa hiyo msingi wa mota ulimwagwa juma moja baada ya ule wa mashine, simenti ya mfuko mwingine ilipopatikana. Kisha Édouard akaifunga ile mota aliyoisukuma mpaka Sake.

Nieleze kidogo, kwa ambaye hajawahi kuikaribia mashine ya kusaga. Mota inakaa upande huu, mashine upande ule. Kila moja ina gurudumu la chuma lenye mifereji, tunaliita puli. Mikanda miwili ya mpira imezunguka puli zote mbili, inakaa ndani ya mifereji, na ndiyo inayochukua nguvu za mota kuzipeleka kwenye nyundo zinazopiga mahindi. Mkanda ukikatika, mota inazunguka peke yake kama mtu anayepiga kelele kwenye nyumba isiyo na watu.

Mimi wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimekuja Goma kukaa na shangazi yangu, nikauza unga wa mahindi na wa muhogo, kisha njia ikafungwa nyuma yangu. Waasi wa upande wetu wa Butembo na waasi waliotawala Goma walikuwa hawapatani, na katikati yao barabara ilikuwa imekufa. Kwa miaka mitatu sikumwona baba yangu. Barua zilizunguka kwa Uganda, zikafika zimechoka. Tangu mashine ya Katoyi ianze, kila siku nilibeba beseni langu mpaka kwa Muzee Rémy, kwa sababu aliongea lugha ya nyumbani na nilipenda kuisikia.

Mashine ilifanya kazi vizuri siku tisa. Siku ya kumi mkanda wa ndani, ule ulio karibu na mota, ulikatika. Édouard hakushangaa. Mikanda ile ilikuwa imenusurika moto pamoja na mota, ilikuwa ya zamani. Alifunga mipya, iliyotoka Kampala. Siku ya nne ule wa ndani ukakatika tena.

Hapo ndipo nilipomwona akiusoma mkanda mlangoni. Shangazi yangu alimwuliza anatafuta nini, naye akamjibu kwa heshima, bila kuinua macho, kwamba mkanda uliokatika husema umekufa kwa ugonjwa gani. Ukiwa unang'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, ulikuwa unateleza, haukukazwa. Ukikatika kwa mkato mmoja kama wa kisu, kuna kitu kilikwama ghafla, jiwe au msumari. Ukilika upande mmoja tu, basi puli hazitazamani. Alituonyesha ule mkanda. Ulikuwa umelika upande mmoja, mpira umeisha na nyuzi za ndani zimetokeza.

Basi alichukua uzi wa mshonaji, akauvuta kutoka puli ya mota mpaka puli ya mashine, akalala kifudifudi akapima kwa jicho moja. Uzi ulinyooka, ukagusa puli zote mbili sawasawa. Alipima mara tatu. Hakuridhika, akamwita Télesphore, seremala wa jirani, naye akapima kwa rula yake ndefu ya kazi. Sawa kabisa.

Akafunga mkanda mwingine. Ulidumu siku tano.

Kuanzia hapo nilimwona akitafuta kosa kama mtu anayetafuta pete aliyoangusha shambani, hatua kwa hatua, harudii alipokwisha kuangalia. Alifungua rulema, zile gololi ambazo mhimili huzungukia, akaziosha kwa petroli, akazisikiliza sikioni. Zilikuwa nzima. Alibadilisha puli ya mota, maana huenda mfereji ulikuwa umechimbika. Mkanda ukakatika. Alituambia tupepete mahindi yetu upya, kwa kuwa mwaka ule kila kilichoanikwa chini kilikuwa na vichangarawe vya mlima. Tulipepeta kwa kunung'unika. Mkanda ukakatika. Alijaribu kusaga polepole, kikombe kwa kikombe. Uliishi juma moja, ukakatika Jumamosi, siku yenye watu wengi kuliko zote.

Watu wakaanza kusema. Mmoja alisema mota ile ilitolewa mahali pake bila kuombewa, inataka kurudi kwenye mawe. Mama mmoja alileta maji ya baraka, Édouard akamruhusu anyunyize, akamwomba tu asiguse nyaya. Maneno hayo hayakuwa na ubaya. Yaliyokuwa na ubaya yalitoka kwa Paulin, mpwa wa Muzee Rémy, kijana mkubwa mwenye mke tayari, aliyeitamani kazi ile. Yeye hakusema mbele ya watu. Alimwambia mjomba wake jikoni kwamba mikanda haikatiki yenyewe, kuna mkono. Alimwuliza kwa nini mtu wa Rutshuru afurahie kuona mtu wa Butembo anatajirika Goma, siku kama hizi, na serikali hii ya waasi. Wakati ule maneno ya namna hiyo yalikuwa rahisi kusema na mazito kubeba. Watu walikuwa wametoweka kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Muzee Rémy hakumwamini Paulin mara moja. Lakini mikanda ilikuwa adimu, safari moja ya kuileta ilipita mipaka miwili, na mkanda wa sita ulipokatika mbele ya mstari uliofika barabarani, moyo wake ulimshinda. Alisimama katikati ya kibanda. Sauti yake ile ya kanisani haikuhitaji mashine izimwe.

"Édouard, kuko mukono inakata mikaba yangu," alisema. "Nimekaa kimya, sasa ninachoka. Ya saba ikikatika, utakamata vitu vyako urudi kwenu."

Édouard alikuwa ameshika mkanda uliokufa. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga, hatukuweza kuona kama umebadilika.

"Kwetu njo hapa, Muzee," alisema, akionyesha sakafu kwa mkanda ule.

Hakumkumbusha habari ya Sake. Alifunga mkanda wa saba, akaukaza, akajaribu ugumu wake kwa dole gumba, akawasha. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Niliona aibu, kama vile maneno yale yalitoka kinywani mwangu, kwa sababu yalisemwa na mtu wa kwetu.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimegeuza sakafu ya kibanda kuwa tope. Zamu yangu ilipokwisha nilitafuta mahali pakavu pa kuweka beseni langu la unga huku nikifunga kitenge. Palikuwa na mahali pamoja tu, juu ya ukingo wa msingi wa mota, kwenye kona iliyo karibu na ukuta. Édouard alikataza watu kuweka vitu pale, lakini mawazo yake hayakuwepo siku ile. Niliweka. Mteja aliyenifuata akamwaga mahindi yake kwenye mdomo wa mashine. Nilipogeuka kulichukua beseni, lilikuwa limesogea mpaka ukutani, na unga wangu umelalia upande mmoja.

Nililirudisha. Mahindi yalipoisha mdomoni, mashine ikiwa inazunguka tupu, beseni lilikaa pale pale. Mteja mwingine akamwaga. Beseni likaanza kutembea tena, polepole, kuelekea kona ile ile.

Sikuwa najua chochote kuhusu mashine. Nilijua mabeseni. Beseni zito la unga haliendi mahali bila kuinamishwa.

Nilisita, kwa kuwa haikuwa desturi mwanamke wa mstarini kumfundisha fundi kazi. Kisha nikamsogelea.

"Papa Édouard," nikamwambia, "pole, mimi sijue mambo ya mota. Lakini beseni yangu inatembea ukiweka mahindi. Ukiacha kuweka, inasimama."

Nilidhani atanifukuza. Alinitazama mimi, akatazama beseni, kisha akauzima umeme. Watu wakalalamika. Aliomba gilasi ya maji, shangazi yangu akaikimbilia kwa jirani. Aliijaza mpaka ukingoni, akaiweka juu ya msingi karibu na mguu wa mota, akawasha. Maji yalitetemeka bila kumwagika. Alimwambia aliyefuata amwage mahindi, yote kwa pamoja, kama soko limefika. Mota ikaguna, mikanda ikavuta, na maji yakamwagika upande mmoja tu, upande wa ukuta. Mahindi yalipokwisha, maji yaliyobaki yakarudi kulala sawa.

Édouard alikaa chini kwenye tope. Alikaa kama mtu aliyepokea barua kutoka nyumbani.

Baadaye alinieleza. Kila alipopima kwa uzi, mashine ilikuwa imezimwa, na mashine iliyozimwa haina kosa. Kosa lilikuja na kazi. Mota ilipobeba mzigo, mikanda iliivuta, na kona ile ya msingi ikazama kidogo, unene wa kidole labda. Puli ikapinda, mkanda wa ndani ukabeba peke yake mzigo wa wawili, ukasugua mfereji mpaka ukaisha. Kisha alizima ili apime, na msingi ukainuka, na kila kitu kikawa sawa mbele ya uzi.

Alichukua nyundo akagonga zege kuanzia katikati kwenda pembeni. Katikati iliita sauti ya jiwe. Kona iliita sauti ya debe. Muzee Rémy aliitwa kutoka nyumbani, akaja na Paulin nyuma yake. Édouard alimwomba ruhusa ya kuvunja kona ile. Muzee alitazama zege aliyoinunua kwa shida, akatazama ile gilasi, akaitikia kwa kichwa.

Chini ya kona palikuwa na shimo. Goma yote imejengwa juu ya mawe ya milipuko ya zamani, na ndani ya mawe hayo mna mapango ambayo hakuna ajuaye yanaanzia wapi. Hili lilikuwa dogo, lakini Édouard aliingiza mkono mpaka begani asiguse chini. Pengine matetemeko yaliyofuata mlipuko ndiyo yaliyoangusha paa lake la juu, baada ya msingi kumwagwa. Muzee Rémy alipiga magoti, akaingiza mkono wake mwenyewe. Aliutoa ukiwa na vumbi jeusi, akaukodolea macho muda mrefu.

Siku ile mahindi hayakusagwa. Sisi wanawake tulibeba mawe. Katoyi haijawahi kukosa mawe. Tuliyabeba kwa mabeseni yale yale, Édouard akayapanga shimoni moja moja, makubwa chini na madogo juu, akijaza nafasi kwa kokoto. Télesphore alitengeneza ubao wa kuzuia zege. Walimwaga msingi mpya, mmoja, uliounganisha mota na mashine, ili kama ardhi ikitikisika vitikisike pamoja. Kisha Édouard alimwambia Muzee kwamba hawatawasha mpaka siku kumi zipite. Muzee alitaka tano. Édouard alisema kumi, na zikawa kumi. Kila asubuhi alikuja kumwagia zege maji na kuifunika kwa magunia. Mimi nilikuwa napita njia ile kila asubuhi, ingawa haikuwa njia yangu.

Siku ya kumi na moja mkanda wa saba ulirudishwa kazini. Muzee Rémy aliketi kwenye gunia karibu na mashine tangu asubuhi mpaka jioni, hakula, akiutazama tu unavyozunguka. Tulisaga yale yaliyolala siku kumi, watu walikuja hata kutoka mtaa wa Himbi. Jioni Édouard alizima, akapitisha vidole kwenye mkanda pande zote mbili, akasema ni sawa. Muzee alisimama kwa shida, miguu imekufa ganzi.

"Ile neno nilisema mbele ya batu," akamwambia, "nitaiondoa mbele ya batu."

Kesho yake saa mbili asubuhi, mstari ukiwa mrefu, alisimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile akasema kwa sauti ile ile kwamba alimsingizia mtu asiye na kosa, na kwamba aliyelisikia neno la kwanza alisikie na la pili. Paulin alikuwepo. Alitazama viatu vyake. Édouard alikuwa anafunga nati na aliendelea kuifunga muda mrefu kuliko nati inavyohitaji.

Mkanda wa saba uliishi miezi kumi na minne.

Habari yangu na Édouard ilikua katika miezi hiyo, na sina mengi ya kueleza. Alianza kunisagia unga laini zaidi ya wengine, na shangazi akaligundua hilo kabla yangu. Siku moja aliniomba nimfundishe kusalimia kwa Kinande, lugha ya kwetu. Nilimwuliza anataka kumsalimia nani. Akasema baba yangu.

Njia ilifunguka katikati ya mwaka 2003, wakubwa wa pande zote walipokubaliana kule Kinshasa. Muzee Rémy hakusubiri kuombwa. Alisema Édouard hana baba, na ukoo wetu hautamsikiliza mtu wa Kalengera akisimama peke yake, kwa hiyo atakwenda yeye. Tulipanda lori la mbao, sisi watatu na shangazi. Kalengera tulishuka kumsalimia mama Mukakalisa. Alimshika mwanawe mashavu kwa mikono yenye udongo, kisha akanishika mimi vilevile, akatupakia gunia la maharagwe kwa ajili ya wakwe. Tulipita Kiwanja, tukapanda Kanyabayonga kwenye ukungu, na nilipoanza kuiona milima ya Lubero yenye mashamba yaliyochanwa kama kichwa kilichosukwa, nililia mpaka shangazi akanigombeza.

Baba yangu alikuwa amezeeka kuliko barua zake. Alitukaribisha, akatulisha, akasubiri siku ya pili ndipo aulize. Sebule ilijaa wajomba. Édouard aliwasalimia kwa Kinande nilichomfundisha, wakacheka kwa wema, kisha kicheko kikaisha. Baba alimgeukia Muzee Rémy, akamwuliza swali ambalo kila mtu alikuwa analisubiri, kwamba huyu kijana ni mtu wa nani.

"Ni mutu wa kwangu," Muzee Rémy alisema. "Nilimutukana mbele ya batu. Angeweza kuniacha. Alibaki akitafuta kosa ya mashini yangu mpaka akaipata. Mutoto wangu wa kuzaa hangefanya vile."

Halafu akawasimulia yote, ya chukudu na ya Sake na ya shimo. Ndipo mimi nami niliposikia habari ya chumba kilichoungua. Édouard alitazama sakafu muda wote. Muzee alipomaliza, mjomba wangu mkubwa aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli beseni lilitembea. Nikasema ni kweli. Wakaanza kuzungumza habari za mbuzi wa mahari.

Tuliishi pamoja miaka kumi na mitatu. Tulipata watoto watatu, wa kwanza tukamwita Benny. Édouard aliitwa kutengeneza mashine Rutshuru, Kiwanja, hata Masisi, na kila mara vita vilipofunga njia alirudi kwa miguu na mfuko wake wa spana, kama alivyofika mara ya kwanza. Alifariki mwaka 2016 kwa presha, Jumanne asubuhi, akiwa anafunga viatu. Muzee Rémy, mzee sana wakati huo, alikuja kwenye mazishi akiwa amebebwa kwenye kiti, naye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Nikimkumbuka sasa, namkumbuka mwisho wa mwaka 2012. Waasi wengine walikuwa wameingia mjini, umeme ukakatika siku nyingi, maji nayo, tukayachota ziwani. Katoyi ilinyamaza. Mabomu yalipokoma ukimya ndio uliomsumbua zaidi, alizunguka uani hajui aweke wapi mikono. Kisha asubuhi moja, saa tatu hivi, umeme ulirudi bila taarifa. Mbali, upande wa barabara, mashine moja ilianza kuguna. Ikafuata ya pili, karibu zaidi. Édouard alitoka nje na fulana, akasimama katikati ya ua, kichwa amekiinamisha kidogo.

"Ile ni ya Mushagalusa," alisema. "Ile ingine ni ya ba-mama ya parokia. Unasikia, Mama Benny? Ile ya tatu mukaba yake imelegea, batamuita mutu kesho."

Alizitaja zote, mtaa mzima, mpaka ya mwisho, akitabasamu kama anayeitikiwa salamu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani yake ya bugali na maharagwe. Sikumwita. Nilimwacha asikilize, chakula kikapoa mkononi mwangu.